Takwimu za mwezi zinaona lori, hazioni karai: Nyamyumba yapima uchumi wa Rwanda

Kila mwezi Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya Rwanda (NISR) hutoa ripoti fupi ambazo maofisa na mabenki huzisoma kwa makini, huku wafanyabiashara wadogo wa mpakani wakizisikia kwa mbali tu. Ya kwanza ni fahirisi ya uzalishaji viwandani. Ya pili ni fahirisi ya bei za walaji. Ya tatu ni hesabu ya bidhaa zilizoingia na kutoka nchini kwa njia rasmi. Kwa pamoja zinaeleza kama uchumi unatembea, unakimbia au umechechemea.

Picha ya jumla ni nzuri. Pato la Taifa la Rwanda lilikua kwa asilimia 8.9 mwaka 2024, baada ya kukua kwa zaidi ya asilimia 8 mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Katika pato la 2024, huduma zilichangia asilimia 48, kilimo asilimia 25 na viwanda asilimia 21. Katika hesabu hiyo, neno viwanda linabeba pia migodi, umeme na ujenzi.

Lakini swali la mfanyabiashara anayevuka kwenda Goma na kurudi ni jingine: ukuaji huo unapita wapi, na kwa nini mara nyingi haulingani na anachokiona mfukoni? Mahali pazuri pa kutafutia jibu ni Nyamyumba, tarafa ya wilaya ya Rubavu iliyo kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Hapo kuna kiwanda kikubwa, mtambo wa umeme, bandari mpya na wachuuzi wa kila aina. Takwimu za mwezi huvipima vizuri vitu vya mwanzo katika orodha hiyo, lakini wachuuzi huwapima kwa shida. Tofauti hiyo inagusa mikopo, kodi na hata saa za kufungua mpaka.

Kiwanda, gesi na umeme

Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa mwaka 1957, na hadi leo eneo linalokizunguka watu huliita Brasserie. Heineken ya Uholanzi iliingia mwaka 1971 na ndiyo mwenye hisa nyingi, asilimia 75. Hisa nyingine ziliuzwa kwa umma katika Soko la Hisa la Rwanda mwaka 2011. Kiwanda hicho kilikuwa cha kwanza kunufaika na gesi ya methani iliyo ndani ya Ziwa Kivu: mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona ulianza kuchota gesi hiyo ili kuchemshia mitungi ya kiwanda.

Miaka sitini baadaye, gesi ile ile inazalisha umeme wa taifa. Mtambo wa Shema Power Lake Kivu, ulioko Busoro katika tarafa hiyo hiyo ya Nyamyumba, umejengwa kwa uwezo wa megawati 56. Mto Sebeya nao, unaoteremka kuingia ziwani, unazungusha mitambo midogo ya umeme wa maji.

Kwa hiyo tarafa moja inaingia mara mbili katika fahirisi ya uzalishaji viwandani: katika kundi la vinywaji na tumbaku, na tena katika kundi la umeme. Siku kiwanda kinapopika bia nyingi, au mtambo unapopeleka umeme zaidi kwenye gridi, mstari wa taifa unapanda kidogo. Hiyo ni habari ya kweli. Ila fahirisi hiyo hupima kilichotoka kiwandani, haipimi aliyekinunua, kwa bei gani, wala faida iliyobaki kwa mwenye depo au mwenye duka la mtaani.

Mfano wa karibu ni kodi. Mageuzi ya kodi ya mwaka 2025 yalipandisha ushuru wa bia kutoka asilimia 60 hadi 65. Mabadiliko ya aina hiyo yanaweza kuacha kreti zile zile zikitoka kiwandani, huku muuzaji wa rejareja akibanwa katikati: bei ya kununulia imepanda, na mteja wake hana nyongeza ya kipato. Fahirisi haitaonyesha maumivu hayo mpaka mauzo yaanze kupungua na kiwanda kipunguze uzalishaji. Muuzaji ameyajua miezi kabla.

Kuna pia suala la majira. Desemba ni mwezi wa sikukuu na Januari mifuko huwa mitupu. Aprili ni mwezi wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na wiki inayoanza tarehe 7 burudani husimama nchini kote. Anayelinganisha Januari na Desemba ataona anguko, na anayelinganisha Mei na Aprili anaweza kuona mruko. Yote mawili yanaweza kuwa kalenda tu. Ndiyo maana ulinganisho wa kuaminika ni wa mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliopita.

Hali ni hiyo hiyo kwa bidhaa ambazo hazipiti kiwandani. Kila mwaka uvuvi wa sambaza upande wa Rwanda husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaliane. Mchuuzi wa sambaza anayeona soko limekauka katika miezi hiyo hajapoteza wateja. Mzigo ndio haupo. Viazi, vitunguu na karoti za Rubavu nazo hufuata misimu ya mvua. Mwenye kukopa fedha za kununulia mzigo bila kuzingatia majira hayo hujikuta analipa riba katika miezi isiyo na mauzo.

Ujenzi: nambari inayopanda hata baada ya janga

Ujenzi ni eneo linalowachanganya wengi. Wengi hudhani fahirisi ya kila mwezi ya viwanda inahesabu pia majengo. Haihesabu. Fahirisi hiyo ina migodi na machimbo, utengenezaji wa bidhaa viwandani, umeme, pamoja na maji na usafi. Thamani ya ujenzi wenyewe hutolewa kila robo mwaka, ndani ya hesabu za Pato la Taifa.

Anayetaka dalili za mapema hana budi kuzitafuta pembeni. Moja ni kundi la bidhaa za madini yasiyo ya chuma, ambamo saruji na matofali vimo. Nyingine ni uagizaji wa mabati, nondo na malighafi za saruji kutoka nje. Vikipanda vyote kwa miezi mitatu mfululizo ukilinganisha na mwaka uliopita, kuna uwezekano mkubwa kwamba ripoti ya robo mwaka nayo itaonyesha ujenzi umepanda.

Saruji yenyewe inasimulia jinsi soko la kanda linavyoungana. CIMERWA ya Rusizi, kusini mwa Ziwa Kivu, iliyoanza miaka ya 1980, ilikuwa chini ya kampuni ya PPC ya Afrika Kusini hadi Januari 2024, hisa zake kubwa zilipohamia kwa National Cement ya Kenya, iliyo katika kundi la Devki. Musanze nako kumejengwa kiwanda kingine cha saruji. Kwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi wa Rubavu, maana yake ni kwamba bei ya mfuko mmoja haitegemei tena uamuzi wa Kigali peke yake. Inategemea mikakati ya kampuni ya Nairobi, bei ya malighafi inayopita bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na ushindani wa saruji ya Uganda katika soko la Goma.

Kuna jambo la pili la kuangalia katika nambari za ujenzi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba yaliharibika. Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi, baada ya Sebeya kufurika. Nyumba inapobomoka, takwimu za ukuaji haziipunguzi moja kwa moja. Inapojengwa upya, saruji, mabati na ujira wa mafundi vyote huhesabiwa kuwa ukuaji. Familia imerudi pale ilipokuwa, pengine na deni juu yake, ilhali karatasi inasema ujenzi umepanda.

Kwa muuzaji wa vifaa hilo ni onyo la kibiashara. Mahitaji yanayofuata janga huja kwa kishindo na kukatika. Anayeyachukulia kama mwelekeo wa kudumu, akajaza ghala kwa mkopo, anaweza kubaki na mabati yanayoshika kutu.

Bandari ya Rubavu, iliyojengwa Nyamyumba kwa msaada wa Uholanzi kupitia TradeMark Africa, inatoa funzo lingine. Wakati wa kujengwa, kila tani ya kokoto ilihesabiwa katika ujenzi. Sasa thamani yake inahamia katika uchukuzi na biashara, na inategemea jambo moja: boti ngapi zinatia nanga, zikiwa na mzigo gani, zikielekea wapi. Bandari nzuri isiyo na mzigo ni ujenzi uliokwisha hesabiwa. Kwa wafanyabiashara wa Rusizi, Karongi, Goma na Bukavu, ziwa ni njia ya asili, na mzigo mzito kama saruji au vinywaji husafiri majini kwa urahisi kuliko katika barabara za milimani. Lakini njia hiyo inahitaji utulivu wa pande zote za maji.

Biashara: kilichopimwa na kilichopita

Ripoti ya mwezi ya biashara ya nje ndiyo inayopaswa kumgusa zaidi msomaji wa mpakani, na ndiyo inayomwacha nje zaidi. Jina lake lenyewe linasema: ni biashara rasmi, yaani iliyoandikwa katika nyaraka za forodha.

Ndani yake kuna mambo mawili ya kufahamu. La kwanza, dhahabu ndiyo inayoongoza katika mauzo ya nje ya Rwanda, na sehemu kubwa huenda Umoja wa Falme za Kiarabu. Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa wakia. Bei inapopanda hivyo, jumla ya mauzo ya nje inaweza kuruka bila gramu moja kuongezeka, na bila kilo moja ya viazi kuvuka mpaka. Kichwa cha habari kinachosema mauzo ya nje yamepanda hakimwambii chochote mwenye karai la nyanya.

La pili linamhusu zaidi. Ripoti hizo hutenga bidhaa zilizoingizwa Rwanda kutoka nje kisha zikapelekwa nchi nyingine. Mafuta ya magari, mchele, sukari na mafuta ya kupikia vinatawala kundi hilo, na mnunuzi mkuu ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Nambari hiyo ni kipimo kizuri cha afya ya njia ya Rubavu kwenda Goma kuliko jumla ya mauzo yote. Ikishuka miezi miwili mfululizo, kuna kitu kimebana upande wa pili: usalama, fedha, au ushuru.

Hata hivyo nayo huhesabu lori. Petite Barrière, mpaka wa watembea kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma, ilitajwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa vivuko vyenye watu wengi zaidi Afrika, na watu zaidi ya 50,000 walivuka kwa siku katika nyakati za kawaida. Wengi wao ni wanawake wanaobeba mboga, sambaza, unga, maziwa na nguo. Mmoja mmoja mzigo wao ni mdogo. Kwa pamoja, haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 2020 ulionyesha wazi pengo hilo. Machi mwaka huo mipaka ilipofungwa kwa ajili ya COVID-19, malori ya mizigo yaliruhusiwa kuendelea. Waliozuiwa ni watu. Ripoti ya biashara rasmi iliendelea kutoka ikiwa na nambari ndani yake, huku riziki ya maelfu ya kaya za Rubavu na Goma ikikatika siku moja. Baadhi ya wachuuzi walijikusanya katika vyama vya ushirika, wakapakia mizigo yao pamoja kwenye gari moja ili ivuke kwa jina la chama. Kwa mara ya kwanza nyanya zao ziliandikwa. Msiba ndio uliowaingiza katika takwimu.

Juni 2022 lilitokea jambo la aina nyingine. Baada ya Bunagana kuangukia mikononi mwa M23 na tukio la kurushiana risasi Petite Barrière tarehe 17 mwezi huo, upande wa Congo ulianza kufunga mpaka saa 9 alasiri. Kwa lori lililokwisha maliza nyaraka zake asubuhi, hasara ilikuwa ndogo. Kwa mama anayevuka mara tatu kwa siku na kuzungusha mtaji ule ule, saa tatu za jioni zilikuwa safari moja kamili. Mtaji wa mizunguko mitatu ukawa wa mizunguko miwili, na theluthi ya mapato ikaondoka. Hakuna safu katika jedwali la mwezi inayoonyesha hasara ya namna hiyo.

Kisha Januari 2025 M23 waliingia Goma, na benki za mji huo zikafungwa. Wakazi wenye akaunti walilazimika kutafuta fedha taslimu kwa njia za simu au kuvuka hadi Gisenyi. Hapo mfanyabiashara wa Rwanda aligundua kwamba mteja mwenye nia na mwenye salio anaweza kukosa noti ya kulipia. Mzigo wa kuuza ulikuwepo na mahitaji yalikuwepo. Kilichokosekana ni fedha mkononi. Biashara ya mkopo kati ya watu wanaofahamiana ikawa ndiyo inayoshikilia soko, na mkopo wa namna hiyo hauandikwi popote isipokuwa kwenye daftari la muuzaji, kama analo.

Faranga, dola na faida ya kwenye karatasi

Kipimo kingine kinachohitaji uangalifu ni sarafu. Mwishoni mwa 2022 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban faranga 1,070 za Rwanda. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa takriban 1,260. Mwaka 2024 faranga iliendelea kushuka, ingawa kwa mwendo mdogo zaidi.

Chukua mfano wa mwenye mtaji wa faranga milioni 1 mwishoni mwa 2022. Ulikuwa sawa na dola 935 hivi. Tuseme alifanya biashara mwaka mzima, akala kutokana na biashara hiyo, na mwisho wa 2023 akabaki na faranga 1,100,000. Kwa faranga, mtaji umekua kwa asilimia 10. Kwa dola, sasa ana takriban 873. Kama mzigo wake ni nguo, simu au vitenge vinavyonunuliwa kwa dola, mtaji wake umepungua kwa zaidi ya dola 60 huku yeye akisherehekea faida.

Goma huuza na kununua kwa dola kila siku, sambamba na faranga za Congo na za Rwanda. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Rubavu anahitaji hesabu mbili: moja ya sarafu anayotumia nyumbani na moja ya sarafu anayonunulia mzigo. Akisoma kwamba mauzo ya nje yamepanda, na aangalie kwanza kama ripoti inahesabu kwa dola au kwa faranga. Ripoti ya mfumuko wa bei nayo isomwe hivyo hivyo. Benki Kuu ya Rwanda (BNR) hulenga kuuweka mfumuko kati ya asilimia 2 na 8, na huamua riba yake kila robo mwaka. Agosti 2024 riba hiyo ilishushwa hadi asilimia 6.5, Agosti 2025 ilipandishwa hadi 6.75. Mabenki ya biashara hufuata polepole, lakini hufuata. Bei ya mafuta ya magari hutangazwa kila miezi miwili, na nauli ya mzigo husogea nayo.

Kwa nini kuonekana kuna faida, na kwa nini watu wanaogopa

Si kweli kwamba wachuuzi wa mpakani hawajawahi kuhesabiwa kabisa. Rwanda hufanya uchunguzi wa pembeni wa biashara isiyo rasmi mipakani, na BNR huuingiza katika ripoti zake. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo haipewi uzito wala nafasi sawa na ile ya forodha. Waziri anapoulizwa bungeni, benki inapopima hatari ya mkopo, au mfadhili anapochagua wapi ajenge ghala la baridi, karatasi iliyo mezani ni ile yenye nembo ya forodha.

Matokeo yake ni ya moja kwa moja. Kampuni inayopeleka malori kumi ina nyaraka za kuonyesha benki. Mama anayepeleka karai tatu kila siku kwa miaka kumi na mitano hana. Kwa mwaka, mzigo wake unaweza kulingana na wa malori kadhaa, lakini mbele ya afisa mikopo yeye ni mtu asiye na historia. Hata saa za mpaka zinapojadiliwa, hasara ya kampuni ina nambari na hasara yake ina maneno matupu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mpakani msemo huo una maana ya fedha taslimu.

Hofu nayo ina msingi. Wengi wanaamini kuandikwa ni hatua ya kwanza ya kutozwa. Sheria za Rwanda zinamtaka mwenye mauzo yanayozidi faranga milioni 20 kwa mwaka kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani. Inaonekana fedha nyingi, lakini kinachopimwa ni mauzo, si faida. Anayeuza faranga 70,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, anafikia takriban milioni 21.8 kwa mwaka, hata kama faida yake ya siku ni elfu chache. Mtu wa namna hiyo akikwepa nyaraka anajilinda kwa akili ya kawaida.

Ndiyo maana wito wa kujirasimisha hautoshi peke yake. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki upo utaratibu wa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, na COMESA ina utaratibu wake unaofanana na huo. Congo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini kuingia katika Jumuiya si sawa na kutumia kanuni zake zote za forodha siku hiyo hiyo, na mchuuzi hukutana na tofauti hiyo kwenye meza ya ofisa. Utaratibu rahisi unakuwa rahisi pale tu unapotambuliwa na meza zote mbili.

Kuna hatua ambazo hazihitaji mkataba mpya. Taasisi ya takwimu ingeweza kutoa kila mwezi, pamoja na jedwali la forodha, ukurasa mmoja wa biashara ndogo kwa kila mpaka mkubwa: watu waliovuka, aina tano kuu za bidhaa, na saa ambazo mpaka ulikuwa wazi. Vyama vya ushirika vingeweza kuweka daftari la mzigo wa kila mwanachama na kulitumia kuombea mkopo wa kikundi. Mabenki na taasisi ndogo za fedha zingeweza kukubali historia ya malipo ya simu kuwa ushahidi wa mauzo, maana huko ndiko fedha za mpakani zinapita sasa.

Miezi ijayo itatoa mtihani. Mkataba wa amani ambao Rwanda na Congo zilitia saini Washington tarehe 27 Juni 2025 uliahidi pia mfumo wa ushirikiano wa kiuchumi wa kikanda. Mifumo ya aina hiyo huanza na madini, umeme na barabara, kwa sababu vitu hivyo vina nambari tayari. Wachuuzi wa Nyamyumba na wenzao wa Birere, ng'ambo ya mpaka, wataingia katika mazungumzo hayo ikiwa nao watakuwa na nambari zao mezani. Kwa sasa, mwenye kutaka kujua kama mwezi umekuwa mzuri afanye mambo matatu: asome fahirisi ya viwanda akilinganisha na mwezi kama huo mwaka jana, atazame bidhaa zilizopelekwa Congo badala ya jumla yenye dhahabu, kisha afungue daftari lake mwenyewe na kuhesabu kwa dola. Vyote vitatu vikikubaliana, aongeze mzigo. Visipokubaliana, aliamini daftari lake.